"I warned him to don't" au "not to"? Jibu kwa msimamizi wa madereva

SWALI: Shikamoo mwalimu. Mi ni msimamizi wa madereva kwenye kampuni ya usafirishaji. Dereva wetu mmoja kabeba abiria kwenye lori la mzigo wakati nilishamwambia asibebe, sasa HR wanataka maelezo yangu kwa Kiingereza. Niliandika "I warned him to don't carry passengers". Mwenzangu ofisini aliyesoma kozi ya mtandaoni akaibadilisha ikawa "I did not warn him to carry passengers", anasema maana ni ileile. Mwingine kaniambia niweke "I forbade him not to carry passengers". Ipi ni sahihi? Na "to not" je, ni kosa?

JIBU: Marahaba. Andika "I warned him not to carry passengers", basi, hiyo ndo sentensi yako. Na kabla hujatuma kitu chochote futa ile ya mwenzako, maana ile inaweza ikakuponza wewe halafu dereva akatoka salama.

Yako ya "to don't" ni kosa la sarufi ila maana haijaharibika, hata HR wangeielewa. "Do" inaitwa kuja kusaidia kitenzi chenye wakati, kilichosimama na mtendaji wake, kama "he doesn't carry" au "he didn't carry", au pale unapomwamrisha mtu ana kwa ana, "Don't carry passengers!" Kitenzi kikishatanguliwa na "to" hakina wakati tena, kiko kama "kubeba" yetu, kwa hiyo hakihitaji msaada wa "do", unaweka "not" mbele ya "to" na kazi imeisha. Wengi wanakosea hapa kwa sababu wanakumbuka maneno waliyoyatamka siku ile, "Don't carry passengers", wanayabeba mazima mazima wanayapachika baada ya "to". Ukitaka kuyaacha kama yalivyo yawekee alama za kunukuu: I told him, "Don't carry passengers." Hiyo ni sawa kabisa.

"To not" tusipotezeane muda. Wenye Kiingereza chao wanaisema sana kwenye maongezi na siku hizi wanaiandika pia. Kwenye barua ya kazi weka "not to" kwa sababu ndo iliyozoeleka na hakuna mtu atakayekusimamisha kuuliza. Basi.

Kinachoniumiza mimi ni hiyo ya "maana ni ileile". Naikuta kila mara, kwenye maelezo ya wafanyakazi, kwenye ripoti za zamu, kwenye barua za wapangaji, na aliyeandika anakuwa na uhakika kabisa kwa sababu kuna mtu kamfundisha na kamlipia. Hebu zirudishe hizo sentensi mbili kwenye Kiswahili. "Nilimwonya asibebe abiria." "Sikumwonya abebe abiria." Hivi kuna mtu anayeongea Kiswahili ambaye hasikii tofauti hapo? "Nilimwambia asije" maana yake niliongea naye na nikamkataza. "Sikumwambia aje" inawezekana hatujaonana hata mwezi, kaja mwenyewe tu na mimi nashangaa. Kiingereza kinatofautisha hivyohivyo kabisa. Sasa fikiria mtu wa HR ana mafaili mengi mezani, anapitia maelezo yako harakaharaka, macho yake yanakutana na "I did not warn him". Atasimama hapohapo. Msimamizi kakiri kwa mkono wake kwamba hakumwonya dereva, na wakati ulimwonya!

Kwa hiyo fuata ile "si" au "ha" ya kukanusha ya Kiswahili chako ilipokaa. Ikiwa kwenye kitenzi cha kwanza, sikumwambia, hakumshauri, hatukuwaomba, basi na "not" inakaa na kitenzi cha kwanza, "I didn't tell him to". Ikiwa kwenye cha pili, asibebe, wasivuke, usisahau, "not" inahamia mbele ya "to": "The police urged people not to cross the river", "Remind me not to forget the keys". Inafanya kazi kwa tell, ask, advise, urge, beg, order, remind, persuade na warn, wote hao. Na usisahau kumtaja anayeambiwa, him, her, people, maana kwenye kuonya na kuhimiza mara nyingi lazima awepo pale katikati. Hata ukigeuza sentensi iwe ya kutendwa "not" haihami: "He was warned not to carry passengers".

Tena mfano wa hospitali uko palepale. "The doctor advised her not to stop the medicine", daktari kamwambia asiache dawa. "The doctor didn't advise her to stop the medicine", daktari hakumshauri aache, labda hata hawakulizungumzia. Nesi wa zamu ya usiku anayesoma hiyo ya pili hawezi kujua kama mgonjwa alikatazwa kuacha au hakuambiwa kitu, na huo ndo uamuzi anaotakiwa kuufanya saa nane usiku bila daktari pembeni.

Najua hii fomula ya kuhamisha "not" aliyoitumia mwenzako wa kozi imetoka wapi. Imetoka kwenye "want" na "think". Kweli, Mwingereza anasema "I don't want you to go" na anamaanisha nataka usiende, ile "I want you not to go" utaisikia pale mtu anapotaka kukazia. Na sisi tunasema "sitaki uende", tunasema "sidhani kama atakuja" tukimaanisha tunadhani hatakuja. Lakini kutaka na kudhani ni mambo ya moyoni. Kuonya, kuambia, kushauri, kuomba ni matendo, yalifanyika au hayakufanyika, na ukiyakanusha umesema hayakufanyika. Wauza kozi wamechukua tabia ya vitenzi vichache kama hivyo wameisambaza kwa vyote, wakaiita kanuni, wakaiweka kwenye pidiefu.

Huyo wa "forbade him not to" namwelewa zaidi, maana hapo Kiswahili chenyewe ndo kinatuvuta. Kwetu "nilimkataza asibebe" ni sawa kabisa na ndivyo watu wanavyosema. "Nilimzuia asiingie" pia. Kiingereza hakikubali hivyo, "forbid" imeshabeba katazo ndani yake, ukiongeza "not" umemkataza asiache kubeba, yaani lazima abebe. Sahihi ni "I forbade him to carry passengers". Stop, prevent na discourage nazo hazitaki "not" na hazitaki hata "to", zinataka "from": "I stopped him from entering". Ila angalia, "warn" haiko kwenye kundi hilo. Haina katazo ndani, unaweza kumwonya mtu afanye kitu, "I warned him to slow down". Ndo maana ukisahau "not" ukaandika "I warned him to carry passengers" umeandika kwamba ulimwonya abebe. Ukipenda kukwepa yote hayo andika "I warned him against carrying passengers", hapo "against" inabeba katazo peke yake.

Alafu kuna "suggest", hii nayo inasumbua watu. Huwezi kuandika "I suggested him not to go". Andika "I suggested that he shouldn't go" au tumia "advised".

Sasa hizi kozi. Mtu anakuuzia Kiingereza cha siku 30 kwenye WhatsApp, anakutumia karatasi ya fomula na sauti za dakika mbilimbili, hasahihishi kazi yako hata moja, hajui we ni dereva au nesi au karani wa mahakama, na ukimuuliza kwa nini anakwambia "kariri tu". Hela anayochukua ni ya watu ambao hawana ya kuchezea, wanaonunua hiyo pidiefu kwa sababu wana interview wiki ijayo au bosi kawabana. Fomula ya salamu ikikosewa watu watacheka yataisha. Fomula ya kukanusha ikikosewa mtu anasaini maelezo yanayosema kinyume cha alichofanya, na ukishasaini ni maneno yako. Nimeshasoma maelezo ya ajali ya kiwandani ambapo kijana aliambiwa na msimamizi wake asivae glavu karibu na mashine inayozunguka, akaandika "I was not told to wear gloves". Alitakiwa kuandika "I was told not to wear gloves". Yake inasema hakuna aliyemwambia avae. Aliyokusudia inasema kuna mtu alimkataza, na huyo mtu ana jina na cheo. Yule kijana alipoteza utetezi wake wote kwa neno moja kukaa siko.

Kwa hiyo ukiletewa maelezo ya Kiingereza usaini, yawe umeandika wewe, kaandika mwenzako au simu ndo imetafsiri, tafuta kila "not" iliyomo, uiseme ile sentensi kwa Kiswahili kwa sauti, usikilize "si" au "ha" imeangukia wapi. Hata simu zinakosea hapa ukiziandikia Kiswahili cha mkato. Na kwenye yako ongeza siku na mahali ulipomwonya huyo dereva, na kama ulimtumia meseji iambatanishe, maana HR wakishaelewa kwamba ulimwonya swali lao la pili litakuwa lini.