Kabla hujaacha ajira ili uwe kocha

Juzi nimepokea ujumbe kutoka kwa dada mmoja wa Mwanza. Yuko benki, upande wa rasilimali watu, na amemaliza kwa mtandao mafunzo ya ukocha, si ule wa mpira, ni ule wa kukaa na mtu na kumsaidia apige hatua kazini na maishani. Ananiuliza: "Dada, niandike barua ya kuacha kazi mwezi huu au nisubiri bonasi?" Mwaka 2018 swali hilo lilikuwa langu, ila mimi sikumuuliza mtu.

Niliandika barua. Nikapanga ofisi Mikocheni, laki nne na nusu kwa mwezi, mwenye nyumba akataka kodi ya miezi sita kwa mkupuo. Nikalipa. Nikanunua viti, nikachapisha kadi, nikasubiri. Watu walikuja, tena wengi. "Dada, tukutane tunywe chai, nina jambo moja dogo tu." Jambo dogo lilikula saa mbili, na chai nikalipia mimi. Mwezi wa saba nilikuwa nimesharudisha funguo.

Kilichoniumiza zaidi ni kampuni moja hapa mjini. Niliwaandalia mpango mzima wa kuwalea wasimamizi wapya, nikakaa na watu wao sita kwa wiki tisa. Mkataba ulikuwa wa mdomo, maana meneja nilisoma naye. Ankara yangu ilizungushwa miezi mitano, mwisho nikaambiwa walidhani nimekuja kujitangaza. Mwaka uliofuata nikasikia mpango ule unatumika, jina langu limefutwa. Nasema wazi, bado inaniuma.

Wakati huohuo nilikuwa naomba cheti cha ngazi ya kwanza cha ICF, shirikisho la kimataifa la makocha. Wao wanataka saa 100 za kukaa na wateja, na angalau 75 ziwe zimelipiwa, hata kama malipo ni madogo. Nikafungua daftari. Nilikuwa na saa 140 na ushee. Zilizolipiwa ni 31.

Usiku ule nilimkumbuka bibi yangu wa Tanga. Bibi alikuwa kungwi. Mtaa ulijaa mashangazi na majirani wa kutoa ushauri bure, lakini harusi ikikaribia ni yeye aliyefuatwa, na hawakumwendea mikono mitupu. Walikuja na doti za khanga, mchele, na fedha zilizofungwa kwenye pindo la leso. Hakuna aliyemhesabia saa. Alimpokea mwali, akakaa naye siku zake, akamtoa, na kila mtu aliona alivyoingia na alivyotoka. Mwali huyo naye alipopata binti na binti akakua, alimpeleka kwa Bibi yuleyule.

Nikaliona kosa langu. Nilikuwa nauza mazungumzo, na mazungumzo huku kwetu yamejaa kila baraza. Nikaacha kutoza elfu hamsini kwa kikao. Siku hizi mteja anaingia kwa miezi mitatu, vikao vinane, laki tisa, nusu inaingia kwenye Lipa Namba kabla hatujakaa. Tunaandika mwanzoni anataka kutoka akiwa nani, na siku ya mwisho tunasoma karatasi ileile.

Halafu nikachagua watu wangu: wasimamizi waliopandishwa cheo juzi. Mhasibu hodari, fundi hodari, jana alikuwa anakula chipsi na wenzake, leo anatakiwa kuwaandikia barua za onyo. Huyo ana usiku mbaya, na mwajiri wake anajua hasara yake. Mwaka jana nilikuwa na wateja binafsi 11, saba wameletwa na waliowahi kupita kwangu. Na mwezi wa tatu mwaka huu kiwanda kimoja kimesaini nami kwa mwaka wa tatu mfululizo. Nilitoka pale nikitembea kifua mbele, sitaficha.

Kwa makampuni, usiingie bila karatasi iliyosainiwa, hata meneja akiwa kaka yako wa tumbo moja. Wakilipa watakata asilimia 5 ya malipo yako kama kodi ya zuio, waipeleke serikalini, na watachelewa, kwa hiyo weka akiba ya miezi mitatu ya matumizi. Januari watu wanalipa ada za watoto. Usipange kuishi kwa mapato ya Januari.

Na bei, jamani, itajeni! Taja, kisha nyamaza. Ukianza kujitetea kabla hujaulizwa umeshajipunguza, na mteja uliyemwonea haya hatakuheshimu hata ukimsaidia. Nimeona makocha wazuri wakirudi kutafuta ajira kwa sababu ya aibu hii.

Dada wa Mwanza, barua iache kwenye droo. Chukua wateja wawili wa Jumamosi, wa kulipa, wakimaliza chukua wengine. Sita wakimaliza safari yao, na wawili kati yao wakakuletea mtu bila kuombwa, nitumie ujumbe tena tuizungumze hiyo barua.

Ile kampuni ilinipigia wiki iliyopita, meneja ni mwingine. Nimewatumia mkataba wenye kipengele cha nusu ya malipo kabla ya kuanza. Hawajajibu, nami sijawapigia.