Shangazi, nesi kasema turudi Alhamisi: maswali yenu kuhusu chanjo za wachanga

Meseji za wiki hii zimejaa wazazi wapya. Nimechukua tano.

Shikamoo Shangazi. Mwanangu alichomwa sindano za wiki sita, usiku mwili ukachemka, akalia mpaka alfajiri. Mama mkwe anasema za wiki ya kumi tuziache. (Mama wa kwanza, Tandika)

Marahaba mwanangu, pole kwa usiku ule. Homa hiyo ni mwili wake unajifunza kupigana, na kwa kawaida huisha ndani ya siku moja au mbili. Mnyonyeshe kila mara, mvalishe nguo nyepesi (joto lote hili la Dar na bado kuna watoto wanaviringishwa mablanketi mawili!). Dawa ya homa usikisie, muulize nesi kipimo cha uzito wake. Akipata degedege, akigoma kunyonya, akilegea, au homa ikipita siku mbili, mkimbize hospitali, hata iwe usiku wa manane.

Mama mkwe usimjibu kwa ukali. Muulize kama anakumbuka kifaduro, au surua ilivyokuwa ikipita nyumba kwa nyumba. Wazee wengi waliyaona haya kwa macho yao. Kisha mweleze kwamba ile sindano moja ya pajani, pentavalenti, inakinga mambo matano: dondakoo, kifaduro, pepopunda, homa ya ini aina ya B, na bakteria wa Hib wanaoleta homa ya uti wa mgongo na nimonia. Dozi moja haitoshi, ndiyo maana zipo tatu: wiki ya 6, ya 10 na ya 14. Siku ya wiki ya kumi nenda naye kliniki, ambebe mjukuu mwenyewe.

Tulikwenda msibani Tanga tukakaa miezi. Mtoto ana miezi mitano na amepata za kuzaliwa na za wiki sita tu. Naogopa nesi atanifokea. Ataanza upya? (Mama, Mbagala)

Haanzi upya. Anaendelea pale alipoishia, dozi moja na nyingine zikiachana angalau wiki nne. Nenda kesho.

Kufokewa kupo, sikudanganyi. Nimewahi kukaa kwenye benchi la kliniki nikamwona mama akisemwa mbele za watu mpaka akambeba mtoto wake akaondoka bila chanjo. Aliyemsema alidhani anamfundisha. Wewe ukisemwa, itikia "samahani nesi" na ubaki kwenye foleni. Ukisafiri tena, beba kadi: Tanga wangemchanja vilevile.

Nimempeleka wa miezi tisa chanjo ya surua, naambiwa nirudi Alhamisi kwa kuwa watoto ni wachache. Nauli ya bajaji mara mbili, Shangazi! (Mama, Gongo la Mboto)

Sababu ipo kwenye chupa. Chanjo ya surua na rubela ni unga. Unachanganywa na maji yake, na ikishafunguliwa inatupwa baada ya saa 6. Chupa moja ina dozi 10, kwa hiyo nesi anaogopa kumwaga tisa. Namwelewa, ila sikubaliani naye. Hata Shirika la Afya Duniani linashauri chupa ifunguliwe kwa mtoto mmoja, maana mama aliyerudishwa huenda asionekane tena. Wewe rudi hiyo Alhamisi, asubuhi mapema, na uwaulize siku zao za surua ni zipi.

Halafu kuna dozi ya pili, miezi 18. Hapo ndipo wengi wanapotelea: mtoto anakimbia uani, anakula ugali, nani akumbuke kliniki? Dozi ya kwanza huacha baadhi ya watoto bila kinga, na surua haikosei mlango wa asiye nayo.

Mwanangu ananyonya vizuri na ana afya. Chanjo za nini? (Baba, Kigamboni)

Maziwa ya mama ni kinga kubwa, hasa ya kuhara, lakini hayazuii polio wala surua. Na usidhani polio imebaki hadithi. Mwaka 2022 ilipogunduliwa kwa jirani zetu Malawi, wahudumu wetu walipita nyumba kwa nyumba na matone. Yule aliyebisha hodi kwenu hakuwa akiuza kitu, baba.

Kadi ya mtoto imelowa kwenye mafuriko, haisomeki. (Mama, Jangwani)

Rudi kliniki alikochanjiwa, jina lake limo kwenye rejista, watakuandikia nyingine. Ukiipata ipige picha kwa simu, kisha uifunge kwenye nailoni. Usitegemee kovu la begani. Hilo linaonyesha BCG peke yake, yaani chanjo ya kifua kikuu.