Re: Kamera ya mtumba, 700D au D3300?
Mdogo wangu umeuliza uchukue Canon 700D au Nikon D3300 uanzie nayo picha za harusi, mi ningechukua Canon. Sio kwamba Nikon mbaya, ina megapikseli 24 na Canon 18 tu, ila bodi ya D3300 haina mota ya fokasi (ile inayoivuta lenzi picha iwe kali yenyewe), so ukipata zile lenzi za zamani za bei poa zisizo na mota utazungusha kwa mkono na bibi harusi hakusubiri. Lenzi za EF, yaani zile za Canon, mota zinakuja nazo.

Hela iende kwenye lenzi aisee, tafuta 50mm f/1.8 (f ni tundu la kuingiza mwanga, namba ikiwa ndogo tundu ni kubwa), ukumbini kwenye mwanga hafifu itakubeba kuliko ile lenzi ya 18-55mm inayouzwa pamoja na kamera.

Kabla hujalipa chomoa lenzi uimulike na tochi ya simu, ukiona kitu kama utando wa buibui ndani hiyo ni fangasi, achana nayo hata wakupunguzie vipi, mi nilipuuza nikiwa Tanga na ikaniuma sana. Halafu piga picha ya ukuta mweupe kwa f/16 uone madoa ya sensa (kile kipande cha ndani kinachonasa picha), vumbi linasafishika, mkwaruzo hapana.