Marafiki Wamehama, Sasa Ndio Unamkumbuka Mkeo

“Shangazi, shikamoo. Nina miaka 34, nasoma shahada ya uzamivu hapa Madison, jimbo la Wisconsin, Marekani. Huu ni mwaka wangu wa tano. Mke wangu ni muuguzi, yuko Tanga na binti yetu. Kiangazi hiki rafiki zangu wote wa karibu wameondoka. Mkenya amepata kazi Texas, Mghana amehamia North Carolina, na Mtanzania mwenzangu amemaliza, amerudi Dar na mkewe. Tulikuwa kama ndugu. Jumamosi tulikwenda soko la wakulima, Jumatano kusikiliza muziki wa wazi pale penye jengo la bunge la jimbo, na jioni nyingine tulikaa kando ya ziwa Mendota mpaka jua lizame, na mwezi wa sita huku linazama saa tatu kasoro usiku. Wameniachia masufuria, mashine ya kupikia wali, majaketi ya baridi na kochi. Sasa naamka saa nne, naingia maktaba, siandiki kitu, narudi kupika ugali wa mtu mmoja. Kiangazi chenyewe sina posho, maana mkataba wangu wa kufundisha ni wa miezi tisa tu. Nikimpigia mke wangu hana muda na mimi: mara yuko jikoni, mara amelala, mara anakimbilia kazini. Nilimwambia aje tuishi wote huku, akakataa. Anathamini kazi kuliko ndoa. Juzi akaniambia, ‘Rafiki zako wamehama, ndio umejua nina simu?’ Neno hilo limenichoma. Nahisi kuna mtu. Nifanye nini?”

Marahaba, mwanangu. Pole sana. Kubaki peke yako katika mji mliouzoea mkiwa wanne si jambo dogo, na mwanamume anayekiri kwamba upweke umemshinda namheshimu. Pole hiyo ipokee sasa, maana baada ya hapa sitakubembeleza.

Mkeo amesema kweli. Nimeisoma barua yako nikamtafuta ndani yake, sikumwona. Nimeiona wiki yako nzima ya kiangazi: Jumamosi sokoni, Jumatano kwenye muziki, jioni ziwani. Nimewaona rafiki zako mmoja mmoja, kila mtu na alikokwenda. Mpaka kochi waliloacha nimeliona. Binti yako umempa maneno mawili tu, “binti yetu”. Hujasema ana miaka mingapi, yuko darasa la ngapi, mara ya mwisho kukuuliza swali ni lini. Mke umempa sentensi moja mwanzoni, ukamrudia ulipofika kwenye malalamiko. Kama hivyo ndivyo unavyomwandikia shangazi ambaye unataka akuonee huruma, basi najua mkeo alivyoishi huko Tanga miaka hii yote. Alikuwa anapigiwa wakati soko limefungwa na ziwa limeganda barafu.

Tuzitazame hizo simu. Kiangazi, Madison iko nyuma ya Tanga kwa saa nane. Unaamka saa nne asubuhi, unampigia: kwake ni saa kumi na mbili jioni, chungu kiko jikoni, mtoto ana kazi ya shule, na akiwa na zamu ya usiku ndio anavaa sare atoke. Ukichoka maktaba saa kumi jioni, unapiga tena: kwake ni saa sita usiku. Ukishakula huo ugali wako saa tatu usiku, unapiga: kwake ni saa kumi na moja alfajiri, hata adhana labda haijatoka. Halafu unaniandikia kwamba mara yuko jikoni, mara amelala, mara anakimbilia kazini. Sasa ulitaka awe wapi? Saa zote hizo umezipanga kwa kufuata upweke wako, hukuuliza hata mara moja yeye anapumzika saa ngapi.

Na hilo la “nahisi kuna mtu” nalikataa. Hujataja jambo hata moja ulilosikia wala kuliona. Ulichonacho ni mwanamke aliyechoka na aliyekwambia ukweli kwa sentensi moja. Mwanamke mwenye mtu pembeni hajali ulikuwa unampigia mara ngapi, anashukuru ukinyamaza. Mkeo bado anahesabu, kwa hiyo bado yupo. Lakini ukimtupia tuhuma hiyo leo, utalivunja jambo ambalo yeye amelishikilia peke yake.

Unasema alikataa kuja kwa sababu anathamini kazi. Mwanangu, wewe unazijua viza kuliko mimi. Ulipomwita, viza ya kawaida ya mke wa mwanafunzi ilikuwa F-2, na mwenye viza hiyo haruhusiwi kufanya kazi. Ulimwita muuguzi aache mshahara, aache zamu na wagonjwa wake, aje akae chumbani kwako majira ya baridi huku wewe ukiwa maktaba na jioni ukiwa na rafiki zako. Na umeandika kwa mkono wako kwamba kiangazi huna posho. Basi miezi hiyo sare za shule, ada na unga wa nyumba ya Tanga vinatoka wapi? Vinatoka kwenye hiyo hiyo kazi unayoilaumu. Ungemshukuru, usingemshtaki.

Hapa niruhusu niseme na wasomaji wengine pia, maana barua za namna hii zimekuwa nyingi. Pwani yetu haikuanza leo kuwa na waume walio mbali. Mabaharia wa Lamu, Mombasa na Unguja walipandisha tanga kwa upepo wa kusi kwenda Arabuni, wakarudi kwa upepo wa kaskazi. Mke hakuwa na simu wala barua, lakini mwezi wa kurudi aliujua, na mji mzima uliujua. Upepo ukigeuka, anapaka nyumba chokaa. Mwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani, na marejeo hayo yalikuwa na msimu wake. Ndoa zetu za sasa zimepata simu zikapoteza msimu. Mume anaonekana kwenye kioo kila siku, anacheka, anaonyesha theluji, lakini ukimuuliza unarudi lini anasema “tutaona”. Mwaka wa kwanza ni tutaona, wa tatu ni tutaona, wa tano ni tutaona. Mwanamke anaweza kusubiri miaka. Hawezi kusubiri bila tarehe. Nasema hivi nikiwa na uchungu, kwa sababu nimewaona wake wema wakigeuzwa kuwa watu baridi na neno hilo moja, halafu wakaambiwa wamebadilika.

Turudi kwako, maana bado kuna jambo ambalo barua yako inalizunguka. Rafiki zako hawakuhama tu. Walimaliza. Umeandika mmoja amepata kazi, mwingine amemaliza amerudi kwao, na ukapita haraka. Wewe uko maktaba na huandiki kitu. Ninavyoona mimi, nusu ya huo unaouita upweke ni aibu ya kubaki nyuma, na ulipokuwa nao kila jioni ziwani aibu hiyo haikuwa na nafasi ya kukusemesha. Sasa inayo. Aibu si ugonjwa, mwanangu, lakini usiwatwishe wao wala mkeo. Tasnifu haikusimama siku walipofunga mizigo. Ilikuwa imesimama kabla, na moyoni unajua tangu lini.

Rafiki wenyewe usiwalilie kama waliokufa. Milima haikutani, binadamu hukutana. Huyo aliye Dar mwombe siku moja apande basi mpaka Tanga, yeye na mkewe, wakamsalimie mkeo na wambebee mtoto zawadi yako. Ndivyo ndugu wanavyofanya, na ulisema mlikuwa ndugu. Na mji unaokaa ni wa watu wanaopita: mikataba mingi ya nyumba za wanafunzi inaisha katikati ya Agosti, na wewe mwenyewe umeona makochi na meza yakipangwa kando ya barabara kila mwaka. Siku hizo hizo wanaingia wageni kutoka kwetu, wanawahi muhula wa Septemba, hawajui wapi pa kupata unga wala jaketi gani linafaa baridi ile. Sasa wewe ndiye mkubwa. Wapokee, wagawie hivyo vyombo, waonyeshe njia za mji. Lakini nakuonya: usijenge upya ile wiki ya zamani, ikakuchukua jioni zote kama mwanzo.

Asubuhi uamke kabla ya saa mbili. Saa mbili asubuhi yako ni saa kumi jioni ya Tanga, mtoto ametoka shule na jiko halijawashwa. Hiyo ndiyo saa ya simu, ila muulize kwanza mkeo kama inamfaa na siku zipi hana zamu. Zungumza na binti kwanza, halafu mama yake. Ukikata simu, nenda kaandike mpaka mchana, hata kama ni ukurasa mmoja. Mchana tafuta kazi hapo chuoni. Wakati wa masomo viza yako inakufunga kwa saa 20 kwa wiki, lakini likizo sheria inakuruhusu kufanya muda wote, na nusu siku ya kupanga vitabu au kuosha vyombo vya maabara haimdhalilishi mwanamume mwenye familia. Pesa ya kwanza iende Tanga, hata ikiwa ndogo.

Kabla ya hayo yote, wiki hii nenda kwa msimamizi wako ukiwa na orodha ya sura zilizobaki, mwulize waziwazi utamaliza lini ukifanya kazi inavyotakiwa. Usitoke bila mwezi na mwaka. Kisha mpigie mkeo. Mwambie, “Ulivyosema ni kweli, nisamehe,” bila kuongeza “lakini”. Mpe huo mwezi na huo mwaka. Akinyamaza, mwache anyamaze. Akiuliza, mjibu kila swali, hata lile linalokuumbua. Na ukiona kazi inachelewa na tarehe itasogea, umwambie wewe kabla yeye hajakuuliza.