Jibu: Mathenge inachipua tena kila tukiikata
Kaka, mathenge (ule mti vamizi wa miiba, Prosopis) inarudi kwa sababu unaikata juu mno. Machipukizi yako kwenye shingo ya mzizi, chini kidogo ya udongo. Chimba uikate chini ya hapo, la sivyo shina moja litakuzalia mengine matano. Na chunga mbuzi: wakila maganda ya mbegu za mathenge, mbegu hutoka nzima kwenye kinyesi, tayari kuota. Kuyasaga maganda kwanza ndiko kunakoua mbegu. Sukari ya maganda nayo huozesha meno ya mbuzi. Watu wa Baringo, Kenya, walimpeleka mbuzi kibogoyo hadi mahakamani Nairobi kama ushahidi wa madhara ya mti huu! Makaa ya mathenge ni mazuri, ila wachoma makaa huacha visiki, kwa hiyo usiwategemee. Ukishang'oa, mvua ikinyesha tu panda nyasi za kienyeji.