Shangazi, sitaki kupiga magoti karibu naye

"Shikamoo Shangazi. Mimi ni mama wa watoto watatu, nipo Unguja, Mwanglikana tangu kubatizwa. Mwaka jana nilikuwa kijumbe, mkusanyaji wa fedha, wa mchezo wa kina mama kanisani, ule wa kuchangiana na kupokea kwa zamu. Mwenzangu mmoja ninayeimba naye kwaya alipokea zamu yake, kisha akaacha kutoa. Laki tatu nikazilipa mimi ili wengine wasikose. Siku moja baada ya mazoezi nikamwambia ukweli wake mbele ya wenzetu. Tangu hapo hatusalimiani. Ushirika Mtakatifu kanisani kwetu sishiriki tena, maana nikimwona anakwenda mbele moyo unachafuka, na Biblia inasema aulaye isivyostahili anajilia hukumu. Kwa hiyo Jumapili nyingine napanda daladala hadi kanisa ambako sijulikani, napokea, narudi. Nimewaza hata kujaribu Minara Miwili, kanisa la Wakatoliki. Je, nakosea? Wa Benchi la Nyuma."

Marahaba, mwanangu. Barua yako nimeisoma mara mbili, na mara zote mbili nimekwama pale kwenye daladala. Unalipa nauli ukale mezani na watu usiowajua, kwa sababu mezani kwenu kuna mtu unayemjua mno. Unakosea, nakwambia wazi. Ukiwa safarini, au kazi imekuhamisha, pokea popote kanisa lako lilipo. Kukimbia uso wa mtu ni jambo jingine.

Minara Miwili iache kabisa. Wakatoliki wana utaratibu wao wa nani apewe komunyo, na kujipenyeza kwenye foleni kimyakimya ni kuwadanganya wenye nyumba.

Sasa hiyo hukumu inayokutisha. Watu wanaipenda sana aya hiyo, ila hawasomi kilichotangulia. Fungua Wakorintho wa Kwanza sura ya 11, anzia mstari wa 17. Pale Korintho walikuwa wakikutana kula, wenye nacho wakitangulia na vyao, wanyonge wakifika wanakuta vyombo vitupu. "Huyu ana njaa, na huyu amelewa," anasema Paulo. Huko ndiko kula isivyostahili alikokemea. Hakuwa akimtafuta mtu asiye na dhambi, angempata wapi? Aliwakemea kwa namna walivyokula, kila mtu na lake, kana kwamba mwenzake hayupo. Na dawa aliyowapa, mstari wa 33, ni neno moja: "mngojane." Wewe mwenzako hukumngoja. Umemhama.

Neno lenyewe tumelizoea hata hatulisikii tena. Ushirika. Waulize wavuvi wawili wenye ngalawa ya shirika kama mmoja anaweza kutoka baharini na nusu yake. Paulo huyo huyo, sura ya 10, anauliza kama mkate tuumegao si ushirika wa mwili wa Kristo, halafu papo hapo anasema sisi tulio wengi tu mwili mmoja, kwa kuwa mkate ni mmoja. Ukipokea, unaungana na Kristo, na katika tendo lile lile unaungana na kila aliyepokea, yule wa laki tatu akiwemo. Hukatiwi kipande cha Kristo ukaondoka nacho kama mtu aliyetoka dukani na boflo yake.

Umekaa Unguja, sinia unalijua. Majirani zetu Waislamu wakikuita futari mnakaa duara, kila mtu anakula upande wake, na mwenyeji anasukuma minofu upande wa mgeni. Sisemi sinia la futari ni Ekaristi. Wao wanajua tofauti, na sisi tunajua. Ila watu walionuniana hawawezi kudumu kwenye sinia moja hivyo hivyo. Ama mmoja atamsukumia mwenzake kipande, ama mmoja atainuka. Wewe umeinuka.

Bibi yangu mzaa mama alikuwa wa Mbweni, katika uzao wa watumwa walioachwa huru. Mambo ya zamani hakupenda kuyahadithia, isipokuwa moja, kila tulipokwenda kusali Mkunazini, kanisa letu kuu la Kianglikana: kwamba soko la watumwa lilifungwa 1873, kanisa likajengwa papo hapo, na madhabahu, kama inavyosimuliwa, ikawekwa pale ulipokuwa mti waliofungwa watu wakichapwa. Watu wa ukoo wake walipangwa safu wauzwe, yeye akapiga magoti safuni anywee kikombe kimoja na wengine. Hakuongeza neno. Safu hiyo ya magoti ndiyo unayoikwepa.

Nikumbushe na Askofu Frank Weston, aliyekuwa askofu wa Zanzibar tangu 1908 hadi alipofariki 1924. Mtu mkali kwa mambo ya meza ya Bwana: mwaka 1913 aliwashutumu maaskofu wenzake wa Mombasa na Uganda kwa sababu ya ibada ya ushirika iliyofanywa kule Kikuyu, Kenya, pamoja na Waprotestanti wengine. (Mimi naona alizidisha, lakini hilo si la leo.) Mkali huyo huyo, mwaka 1923 huko London, aliwaambia Waanglikana wenzake wapenda uvumba kwamba hawawezi kudai wanamwabudu Yesu aliye katika tabenakulo, kisanduku cha kuhifadhia Ekaristi, ikiwa hawamhurumii Yesu aliye katika vibanda vya maskini. Nimemkumbuka kwa sababu barua yako nzima haisemi kwa nini yule mama aliacha kutoa. Humjui mumewe yuko wapi, kazi anayo, mtoto anaumwa? Au hukuuliza?

Na sasa sehemu usiyoipenda. "Nikamwambia ukweli wake mbele ya wenzetu" umeiandika ukapita mbio. Katika Mathayo sura ya 5 Yesu hakusema uiache sadaka madhabahuni ukikumbuka kwamba una neno juu ya ndugu yako. Alisema ukikumbuka kwamba ndugu yako ana neno juu yako. Laki tatu ni neno lako juu yake. Aibu ya siku ile ni neno lake juu yako, na ndilo uliloagizwa uanze nalo.

Sisemi usamehe deni. Fedha ni fedha, na una watoto. Deni lina njia yake: mtu mmoja mnayemheshimu nyote wawili, kalamu, na malipo hata ya elfu kumi kumi kwa mwezi. Lakini si siku ya kwanza utakapokwenda kwake.

Akikufungia mlango je? Mweleze padri wako, kisha Jumapili nenda mbele, kanisani kwenu. Moyo ukichafuka, uchafuke ukiwa umepiga magoti.

Nenda Jumamosi alasiri, nyumbani kwake, peke yako. Usiende mikono mitupu. Mwambie ulimkosea siku ile, kisha nyamaza umsikilize. Daftari la mchezo liache nyumbani.