Epiki isiyokwisha: yaliyotukuta na tulivyojinasua

Mkuu, nimekusoma. Epiki yenu moja, yaani kazi kubwa iliyokatwa kuwa kadi za kazi ndogo ndogo, ina miezi 7, kadi zimepita 80, bosi kila Ijumaa anauliza mmefika asilimia ngapi na hakuna mwenye jibu. Sisi nasi yalitukuta. Tulikuwa watu 6, tunatengeneza mfumo wa vikundi vya kuweka na kukopa, na epiki yetu iliitwa "Malipo kwa simu". Jina hilo ndilo lililotuponza, kwa sababu malipo kwa simu hayana mwisho. Ukishaunganisha mtandao mmoja unadaiwa wa pili, risiti zikikamilika mtu anakumbuka marejesho, na yote yanatupiwa humo humo.

Kwa hiyo anza na jina. Epiki iitwe kwa jambo ambalo siku moja utasema limekwisha na mwenzako asibishe. Yetu mpya ya kwanza ikawa "Mwanachama alipe hisa kwa simu na salio lisome siku hiyo hiyo", ya pili "Mweka hazina aone malipo yaliyogoma". Ile kubwa tukaifunga. Kuna mwenzetu aliumia sana, aliona tunafuta jasho la miezi, lakini kadi hazipotei, unazihamishia kwenye epiki mpya. Zile ambazo hakuna aliyezitetea tulizifunga. Kati ya 71 zilibaki 38.

Kwenye kukata kadi ndiko tulikoumia zaidi. Za mwanzo zilikuwa "Tengeneza majedwali ya malipo" (yanakohifadhiwa data), "Tengeneza skrini za malipo", "Unganisha seva", kila moja na fundi wake. Majedwali yalikwisha wiki ya 2, skrini wiki ya 4, zote zikasogezwa safu ya Imekwisha kwenye ubao wa kazi, na bado hakuna mwanachama aliyeweza kulipa hata shilingi. Siku ya kuunganisha ndipo tukagundua skrini inasubiri jibu la muamala papo hapo, wakati mtandao wa simu unaleta jibu baadaye, mteja akishaweka namba yake ya siri. Skrini ikaandikwa upya.

Tangu hapo kadi yetu ni kipande chembamba kinachopita kote, kuanzia skrini hadi kwenye jedwali. Ya kwanza ilisema: "Mwanachama mmoja alipe hisa ya shilingi 1,000, bila risiti, bila marejesho." Ilichukua siku 3. Siku ya 4 tukajaribu kwa simu ya mwenzetu: akaweka namba ya siri, ujumbe ukaingia, tukafungua ukurasa wake na salio limepanda. Sikumbuki ofisi ile ikiwa na furaha kama asubuhi ile. Kadi yoyote inayozidi siku 3 au 4 za mtu mmoja tunaikata tena, na kadi ambayo ikiisha huna cha kumwonyesha mtu, imekatwa vibaya.

Hapo hata swali la bosi linapata jibu. Kadi 10 kati ya 20 si nusu ya kazi, maana hazilingani uzito. Mwambie mwanachama anaweza kufanya nini leo ambacho wiki jana hakuweza. Bosi wetu aliacha kuuliza asilimia ndani ya mwezi mmoja.

Ubao sasa. Epiki isikae humo pamoja na kadi. Kwenye Jira, programu ya kusimamia kazi, ubao wa kanban (kadi zinasogea safu hadi safu) usipowashiwa paneli ya epiki, sehemu yake ya pembeni, unaionyesha kama kadi ya kawaida, basi inaganda kwenye Inaendelea hadi macho yanaizoea. Msimamizi wa ubao aiwashe.

Halafu idadi ya kadi zilizofunguliwa. Kanban ilianzia viwandani kwa Toyota: sehemu mpya haitengenezwi mpaka kadi irudi kusema ya zamani imetumika. Wengi tumechukua safu na rangi, tukaacha kizuizi hicho, na mimi naona ndicho chenye kazi. Hesabu yake mtafiti John Little aliithibitisha mwaka 1961: gawa kadi zilizo mikononi kwa zinazokwisha kila wiki, unapata wiki ambazo kadi moja inakaa. Sisi tulikuwa na 24 na tunamaliza 6, kwa hiyo kila kadi ilikaa wastani wa wiki 4. Tulipojiwekea ukomo wa 12, zikawa wiki 2, bila kuongeza mtu. Jira ina sehemu ya kuweka ukomo wa safu, ila ukizidisha inageuka nyekundu tu, haikuzuii. Lazima mkubaliane kwa mdomo: safu ikiwa nyekundu hakuna kuchukua kadi mpya, nenda kamsaidie mwenzako kukagua.

Na epiki haijifungi yenyewe kadi zake zikiisha, labda muiwekee otomesheni, kanuni ya Jira kuifunga yenyewe. Mpeni mtu mmoja aibebe mpaka aifunge.

Jumatatu ifungueni hiyo ya miezi 7, muanze na kadi iliyokaa muda mrefu kuliko zote. Mkikwama kwenye kukata, weka hapa majina ya kadi 5 tuzikate pamoja.